Je, wajua kwa nini Marines wa Marekani waliiacha darubini ya mara 4?

Kwa miaka mingi, bunduki ya askari wa miguu wa Marines, kikosi cha wanamaji cha Marekani, ilibeba darubini fupi iitwayo ACOG, kazi ya kampuni ya Trijicon. Ilikuza mara 4, haizidi wala haipungui. Februari 2020 kikosi hicho kikaipa kampuni hiyohiyo mkataba wa dola milioni 64 kwa darubini nyingine, VCOG, yenye pete ya kuzungusha kutoka mara 1 hadi mara 8. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia ile 8. Mimi naona siri yote iko kwenye 1.

Chukua mtu aliyesimama mlangoni, hatua tano mbele yako. Kwa ACOG unaona upana wa kama nusu meta tu, tena kwa ukungu, maana lenzi imewekewa mambo ya mbali. Ni bega au ni kifua? Na nani kasimama kando yake? Hujui. Kwenye mara 1, darubini inageuka dirisha: unafumbua macho yote mawili, chumba unakiona kama kilivyo, na kilichoongezeka ni alama ya kulengea peke yake.

Tatizo hilo Glyn Bindon, mwanzilishi wa Trijicon aliyezaliwa Afrika Kusini, alilijua, na jibu lake kwenye ACOG, iliyotoka mwaka 1987, lilikuwa ubongo wenyewe. Jicho moja liwe kwenye darubini, la pili liwe wazi. Bunduki ikiwa mwendoni, picha iliyokuzwa hukimbia na kuvurugika, hivyo ubongo hushika ile ya jicho lililo wazi, na alama inayong'aa ikaelea juu yake. Bunduki ikitulia, picha iliyokuzwa inarudi. Ni ubunifu wa kuheshimiwa kabisa, ila unadai mazoezi, na mwenye jicho moja dhaifu utampa shida.

Lakini pete ile ina gharama yake, na kubwa ni mwanga. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya kukuza. ACOG ina lenzi ya milimita 32. Gawanya kwa 4, unapata mwale wa milimita 8 unaofika jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, kwa hiyo inajaa mwanga wote inaoweza kupokea. VCOG ina lenzi ya milimita 28. Kwenye mara 8 mwale unabaki milimita 3.5. Jioni picha inafifia, na kichwa kikisogea kidogo tu unaona weusi.

Zaidi ya hapo, lenzi zinazosogea ndani huongeza uzito, na taa ya VCOG inakula betri. Alama ya ACOG ya Marines hung'aa kwa mwanga wa jua mchana na usiku kwa tritiamu, gesi yenye mionzi, bila betri yoyote.

Anayelenga mbali kila siku, mahali peupe, ningemwambia abaki na mara 4 yake. Anayepita vichakani au kuingia majengoni achukue yenye pete, na aiache kwenye 1. Kilicho mbali kitampa nafasi ya kuizungusha; cha hatua tano hakitampa.