"Ni mwanga wa kamera tu": tuliyoambiwa kuhusu saratani ya jicho la mtoto

Binti yangu alikuwa na miezi 7 siku ya picha ile. Amekaa mapajani kwa dada yake, anacheka. Jicho la kulia limetoka jekundu, kama inavyotokea ukipiga picha kwa flashi. La kushoto limetoka jeupe, linang'aa kama jicho la paka gizani. Tuliisifu picha, tukawatumia ndugu. Miezi 2 baadaye daktari wa macho akatuambia ni retinoblastoma, saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Tangu siku hiyo tumeambiwa mengi, na mengi yametoka kwa watu wanaotupenda kweli.

Dhana: Weupe ule ni mwanga wa kamera.

Wakati mwingine ni kamera kweli. Mtoto akitazama pembeni, mwanga unaweza kugonga pale mshipa wa fahamu unapoingilia jichoni, ukarudi mweupe. Lakini kwa kawaida jicho lenye afya hurudisha wekundu, kwa kuwa nyuma yake kumejaa damu. Uvimbe ukikaa pale, kinachorudi ni weupe. Huwezi kuyatofautisha kwa kukodolea simu, na hata kama si saratani, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye naye hataki kusubiri. Daktari humtia mtoto matone ya kupanua mboni, akatazama hadi nyuma kabisa. Kwa mdogo kama wangu, uchunguzi kamili hufanywa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Makengeza ni vivyo hivyo. Macho ya mtoto wa wiki chache hupishana, lakini yakiendelea baada ya miezi 3 au 4, mpeleke. Ile miezi 2 yetu ndiyo ninayoijutia kuliko kitu chochote.

Dhana: Saratani ni ya watu wazima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Hii ya jicho karibu yote huonekana kabla ya miaka 5, wakati seli za retina bado changa.

Dhana: Kuna kitu mama alifanya.

Hapa ndipo nilipoteseka. Usiku nilihesabu kila kidonge nilichomeza nikiwa mjamzito, na ile homa ya mwezi wa tano. Mama mkwe akauliza, kwa upole lakini akauliza: kwenu kuna nani mwenye ugonjwa huu? Ukweli ni kwamba kuna jeni iitwayo RB1, na kila seli ina nakala 2. Nakala zote 2 zikiharibika katika seli moja ya retina, uvimbe huanza. Mwaka 1971 Alfred Knudson, daktari wa Marekani, alieleza kwa hesabu kwamba yahitajika mapigo 2, moja kwa kila nakala. Kwa watoto wengi mapigo yote hutokea ndani ya jicho lenyewe, kwa bahati mbaya tu. Takriban 40 kati ya 100 huwa na hitilafu moja mwili mzima tangu kutungwa mimba, na hata hao, wengi wao wazazi hawakuwa nayo. Hakuna chakula, ugomvi wala kazi nzito iliyoleta hili. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha kama ndugu zake nao wachunguzwe macho mara kwa mara. Mama mkwe alipoelezwa hayo na daktari, alinishika mkono, hakuuliza tena.

Dhana: Saratani ikiguswa na kisu inasambaa.

Neno hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana linatisha. Madaktari hawachomi sindano ndani ya jicho hili kuchukua kipande cha uvimbe cha kupimwa, kwa sababu seli zinaweza kutoroka. Hutambua kwa macho yao, kwa ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, na kwa MRI, picha ya mashine ya sumaku. Kutoa jicho lote ni jambo jingine: linatoka likiwa limefungwa, na uvimbe wote ndani yake. Tuliambiwa tukatae, eti mtoto wa kike atakaaje na jicho moja. Jicho lile lilikuwa halioni tena.

Dhana: Dawa ndizo zinazoua.

Katika jicho lililotolewa, maabara ilikuta seli za saratani zimeanza kuingia kwenye mshipa wa fahamu, hivyo akapewa mizunguko 6 ya dawa za saratani. Nywele zilidondoka, zikaota tena. Masikio yalipimwa, kwani moja ya dawa hizo inaweza kudhuru usikivu. La hatari ni homa. Chembe nyeupe za damu zikishuka, mtoto hana askari mwilini. Ikifika nyuzi 38 ni hospitali usiku huohuo, si kumpa dawa ya kushusha homa na kungoja kuche.

Dhana: Mtoto mchanga hajui maumivu.

Hadi miaka ya 1980 hata baadhi ya madaktari waliamini hivyo. Anayajua. Omba dawa ya maumivu, omba tena.

Dhana: Jicho la bandia ni gololi.

Nilidhani hivyo pia. Ni kigamba chembamba kilichopinda, kama ganda dogo la kombe, kimechorwa mboni na vijishipa vyekundu. Hukaa juu ya kijipira kilichozikwa tunduni mwa jicho wakati wa operesheni, ndiyo maana husogea kidogo anapotazama huku na huku. Sasa ana miaka 4. Huvaa miwani yenye vioo visivyovunjika, kulinda jicho lililobaki. Ukimwita kutoka kushoto, anageuza kichwa chote. Jana alikileta kigamba chake mkononi, kimejaa mchanga wa kuchezea, akaniambia, "Mama, nioshee."