Miamala haionekani kwenye pochi ya kripto? Anza na anwani yako

Malalamiko haya hufanana. Mtu amesasisha programu ya pochi au amebadili simu, akifungua anakuta orodha ya miamala haipo. Salio pengine lipo, pengine linasoma sifuri. Wazo la kwanza ni kwamba ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila hatalijua hilo kwa kuendelea kubofya ndani ya programu ileile.

Pochi haitunzi sarafu wala kumbukumbu za miamala, inatunza funguo, yaani namba za siri zinazokuruhusu kutumia sarafu zako. Miamala imeandikwa kwenye blokcheni, daftari la wazi lenye nakala katika kompyuta nyingi duniani. Programu huiuliza seva fulani kilichoandikwa humo, kisha inakuonyesha majibu. Seva ikilemewa, au toleo jipya likiwa na hitilafu, orodha hutoweka huku daftari lenyewe halijaguswa.

Basi nakili anwani yako ya kupokelea, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaompa anayekutumia sarafu, ukaisome kwenye tovuti inayoonyesha daftari: Tronscan kwa TRON, Etherscan kwa Ethereum, mempool.space kwa Bitcoin. Jina la tovuti liandike mwenyewe, usibofye tangazo. Huhitaji kujisajili wala kuweka nywila.

Wanaotumia USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, hukosea mtandao, yaani blokcheni ambayo sarafu hiyo ilipitia. Anwani ya TRON huanza na T, ya Ethereum na 0x. Lakini BNB Smart Chain nayo hutumia 0x, na pochi yako huwa na anwani ileile herufi kwa herufi kwenye mitandao yote miwili. USDT iliyopitia BNB Smart Chain hutaiona Etherscan hata ukikesha, itafute BscScan. Ukiikuta huko, washa mtandao huo kwenye pochi, na ikibidi ongeza tokeni yenyewe, yaani hiyo USDT, kwenye orodha.

Bitcoin ina mambo yake. Pochi nyingi hutoa anwani mpya kila unapopokea, na chenji ya ulichotuma hurudi kwenye anwani nyingine tena, hivyo kukagua anwani moja hakutoshi. Ukirejesha pochi kwa maneno yako 12 au 24 ya siri, yale uliyopewa ulipoifungua, programu hupitia anwani kwa mfuatano, na kwa kawaida husimama ikikutana na 20 mfululizo ambazo hazijatumika, hivyo zilizo mbele ya hapo huenda zisionekane. Tena maneno yaleyale huzaa anwani zinazoanza na 1, na 3, na bc1, kila aina kwa njia yake. Ukichagua aina ambayo hukuwa ukiitumia, pochi itafunguka tupu. Jaribu aina nyingine kabla ya kukata tamaa.

Kama ni malipo uliyoahidiwa, mwombe mtumaji namba ya muamala, yenye herufi na tarakimu 64. Picha ya skrini si ushahidi, hasa kwa anayenunua kripto kwa mtu na kumlipa kwa M-Pesa. Picha hutengenezwa kwa dakika. Namba hiyo yaweza kukosekana kama nyote mna akaunti kwenye soko moja la kripto: uhamisho wa ndani mara nyingi haufiki kwenye blokcheni, na rekodi yake hubaki kwenye akaunti zenu.

Unapouliza msaada kwenye makundi ya Telegram, atajitokeza “mhudumu” akitaka maneno yako ya siri ili “alinganishe” pochi. Huyo ni mwizi, hana jina lingine. Kusoma historia kunahitaji anwani tu.

Na kama daftari linaonyesha sarafu zimetoka bila wewe kuzituma, shida si programu tena. Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, ikiwezekana kwenye simu nyingine, uhamishie kilichobaki. Hifadhi namba za miamala hiyo, kisha ripoti polisi. Ikiwa sarafu zimeelekea kwenye anwani ya soko linalojulikana, liarifu siku hiyohiyo, kwa sababu soko laweza kuzuia akaunti ya mpokeaji; muamala uliokwisha kuthibitishwa kwenye blokcheni, pochi haiwezi kuurudisha.