Neno kukwama ulimini: maana yake, na namna ya kuishi nako umri unaposogea

Neno kukwama ulimini ni ile hali ya kukijua kabisa kitu unachotaka kukitaja. Unaiona sura yake, unaweza kueleza kazi yake, na kila jina lisilo lake unaloletewa unalikataa palepale, ila jina lenyewe haliji. Unabaki na "nanihii", "kile kidude", "yule bwana wa pale kwa nani". Hali hii haichagui umri. Hata kijana humtokea, kwa wastani kama mara moja kwa wiki. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo inavyozidi, na mtu akishapita 60 huanza kujiuliza kimoyomoyo kama akili imeanza kumwacha mkono. Kwa walio wengi, jibu ni hapana, na sababu zake ni za kueleweka.

Mwaka 1966, Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwasomea wanafunzi maelezo ya maneno yasiyotumika sana, kisha wakawataka watoe neno. Waliokwama waliulizwa: linaanza na herufi gani? Lina silabi ngapi? Zaidi ya nusu ya mara waliitaja herufi ya kwanza sawasawa, ilhali neno lenyewe lilikuwa halijafika mdomoni. Ndipo ilipodhihirika kwamba neno halikai kichwani kama donge moja. Maana ina makao yake na sauti ina yake, na anayezungumza huanza na maana, kisha huitafuta sauti. Anayekwama amekwisha kupata hatua ya kwanza, na ya pili ndiyo imegoma.

Huhitaji maabara kuliona hili. Msikilize bibi jikoni anapomwambia mjukuu, "Hebu niletee ule... ule... wa kupepetea mchele." Anatafuta ungo. Angekuwa hana lolote kichwani angesema "kile", kwa kuwa "kitu" ndicho kimbilio la kila asiye na jina. Lakini amesema "ule", na akaongeza "wa", si "cha". Ngeli ya neno ameipata, sarufi yake ameipata, kazi ya chombo anaijua. Kilichokosekana ni silabi mbili tu. Utafiti wa mwaka 1997 ulionyesha jambo la jinsi hiyohiyo: watu waliokwama kwenye neno la Kiitaliano waliweza kusema kama ni la jinsia ya kike au ya kiume, hata pale waliposhindwa kulitamka.

Sasa umri unaingiaje? Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya Deborah Burke na wenzake, waliyoyachapisha mwaka 1991 baada ya kuwataka vijana, watu wa makamo na wazee waandike kila mara neno lilipowakwama. Wazo lao ni hili: kiungo kati ya maana na sauti huimarika kwa kutumiwa na hulegea kwa kukaa bure, mithili ya njia ya miguu inayoota majani isipopitwa. Uzee hulegeza viungo vyote kidogo. Upande wa maana hautetereki sana, kwa sababu maana moja imefungwa na nyingine nyingi: ukisikia "ungo" unakumbuka mchele, pumba, kuku wa uani, mikono ya mama. Sauti ya neno haina ndugu wengi wa kuishikilia. Kiungo chake kimoja kikilegea, hapana pengine pa kupitia.

Ndiyo maana mzee huyohuyo anayekwama ana msamiati mpana kuliko wajukuu wake. Msamiati wa mtu huendelea kukua hadi miaka ya sitini na kitu. Mwaka 2013 Timothy Salthouse na Arielle Mandell wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwapima watu zaidi ya 700, kuanzia vijana wa miaka 18 hadi wazee wa tisini na kitu. Kukwama kuliongezeka na umri, kama ilivyotarajiwa. Kumbukumbu ya matukio, ile ya jana ulikula nini na nani alikutembelea, nayo ilipungua na umri. Lakini mambo hayo mawili hayakwenda pamoja: mtu aliyekwama mara nyingi hakuwa lazima mwenye kumbukumbu mbovu. Natamani kila familia yenye mzee ingeijua habari hii, kwa kuwa nyumba nyingi hufanya haraka mno kusema "mama siku hizi amekuwa mtoto" kwa sababu tu amechanganya majina ya wajukuu.

Majina ya watu ndiyo yanayokwama kuliko yote, na ina sababu. Mtu akiambiwa kwamba huyu bwana ni mwokaji mikate, atalikumbuka hilo kirahisi kuliko akiambiwa kwamba jina lake ni Baker, ingawa kwa Kiingereza ni neno lilelile. Kazi ina picha: tanuri, unga, harufu. Jina halina. Utaratibu wetu wa kuitana Mama Neema, Baba Juma, Fundi, Mwalimu, mbali ya heshima yake, humpunguzia mzee mzigo, kwani jina limefungwa na mtoto au kazi anayoijua. Kwa hiyo mtu akikusalimia "Shikamoo" njiani na jina lake limekukimbia, "Marahaba, hujambo mwanangu, nyumbani hawajambo?" inatosha. Hakuna aibu.

Kuna jingine linalotuhusu sana. Wanaozungumza lugha mbili au zaidi hukwama mara nyingi kidogo kuliko wa lugha moja, kama walivyoonyesha watafiti Tamar Gollan na wenzake. Anayesema Kihaya nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini amegawa matumizi yake mara tatu, kwa hiyo kila neno limetamkwa mara chache zaidi. Hiyo ni gharama ndogo ya utajiri mkubwa, wala si hoja ya kuacha lugha ya mama. Likikukwama la Kiswahili na la Kihaya likaja, liseme. Mara nyingi aliye karibu atakupa mwenzake.

Tuje kwenye la kufanya. Kosa la kawaida ni kung'ang'ana. Karin Humphreys na Amy Beth Warriner wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2008 waliwaacha watu wakwame kwa sekunde 10 au 30 kabla ya kuwapa jibu. Walipopimwa tena baada ya siku mbili, waliokaa muda mrefu zaidi katika kukwama walielekea kukwama tena kwenye neno lilelile. Ubongo hujifunza hata kosa. Kila sekunde unayokunja uso ukirudia "nimelisahau, nimelisahau" unaizoesha akili kupotea palepale. Lakini utafiti wa baadaye ukaongeza jambo la kutia moyo: mtu akilipata neno mwenyewe, hata kwa kudokezwa kidogo, uwezekano wa kukwama tena hupungua.

Hapo wana familia wana kazi. Usimkatize mzee na kumalizia sentensi zake zote, kwani atanyamaza. Usimwache ahangaike pia. Mpe silabi ya kwanza. Akisema, "Yule aliyekuwa mwenyekiti kabla ya huyu, mrefu yule," mjibu, "Ma..." Na yeye, "Mashaka! Naam, Mashaka." Majaribio yameonyesha kuwa silabi ya kwanza ndiyo inayofungua, si herufi peke yake wala mwisho wa neno. Kwa maneno yetu yenye viambishi, naona ni heri kusogea hatua moja zaidi: "ki..." ni mlango wa kijiko, kisu, kikombe na kiti, lakini "kichu..." huleta kichujio. Ukiwa peke yako, pitia kimyakimya zile ba, be, bi, bo, bu za darasa la kwanza. Zisipoleta kitu upesi, eleza kitu chenyewe, "ile ya kufungulia chupa", mazungumzo yaendelee. Neno litajiibukia lenyewe ukiwa unaosha vyombo. Likija, litamke kwa sauti mara mbili tatu, hata kama aliyekuuliza ameshaondoka. Kule kutamka ndiko kunakokaza kiungo.

Kwa majina, jitayarishe mapema. Kabla ya harusi au kikao cha ukoo, kaa na binti yako mpitie mtakaokutana nao, mkitaja majina kwa sauti na si kwa macho ya kwenye picha tu. Siku za kawaida, zungumza. Soma gazeti kwa sauti, simulia, tegeana vitendawili na watoto. Na tembea: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwapima wazee kwa baiskeli ya mazoezi na kukuta kuwa wenye pumzi nzuri walikwama mara chache zaidi. Hilo halithibitishi kuwa mazoezi ndiyo sababu, ila hayana hasara. Masikio yapimwe pia, kwa kuwa asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na kutosikia ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani maradhi ya kufifia kwa akili na kumbukumbu.

Kuna kukwama kusiko kwa uzee tu. Maneno yakivurugika ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukakosa nguvu, hicho huenda ni kiharusi: hospitali sasa hivi, si kesho, na angalia saa dalili zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, kwa kawaida usiozidi saa 4 na nusu. Kwa mambo yanayokuja polepole, tofauti ni hii: kusahau jina la ufunguo ni kawaida, kuushika ufunguo usijue ni wa nini si kawaida. Vivyo hivyo mtu akipoteza maneno ya kila siku kama maji na mlango, akashindwa kufuata mazungumzo, akapotea njia ya nyumbani kwake au akachanganyikiwa na chenji dukani. Wapo watakaosema amelogwa. Mpeleke kwa daktari, kwani baadhi ya sababu zinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, sonona, kukosa usingizi, na baadhi ya dawa, hasa zile za zamani za mzio na mafua zinazoleta usingizi.

Unapokwenda kliniki, beba dawa zake zote, pamoja na za duka la dawa na za miti shamba. Nenda na anayeishi naye, aeleze hali ilianza lini na mifano miwili mitatu ya kweli ya maneno yaliyokwama na yaliyotokea baadaye. Na daktari anapouliza, mwache mzee ajibu kwanza.