Je, wajua kwa nini maiki nyembamba hunasa matari na zeze vizuri kuliko ile nene?

Studio ya kawaida ya muziki, iwe Mtwara mjini, Lindi au Masasi, huwa na maiki moja nene ya kuimbia, na kwa koo la mwimbaji inafanya kazi yake sawasawa. Shida huanza siku kinapoingia kikundi cha kaswida kutoka Mikindani na matari yao, au mpiga zeze kutoka Newala. Visahani vya tari vinatoka vimechafuka, pigo la kidole halisikiki kama pigo, na mpigaji akigeuka kidogo tu sauti ya zeze inafifia. Fundi anaongeza trebo kwenye kompyuta, visahani vinakwaruza zaidi. Maiki nyembamba ya kondensa, ile ya mrija mwembamba yenye kiwambo kidogo, ingeondoa tatizo hilo kabla hata kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Kiwambo ni utando wa plastiki wenye unene wa maikromita chache, uliopakwa dhahabu na kuwambwa mbele ya bamba la chuma. Kati ya utando na bamba kuna upenyo mdogo wa hewa, na humo hukaa chaji ya umeme. Sauti ikitikisa utando, upenyo hubana na kupanuka, na volti hupanda na kushuka kufuata sauti hiyo. E. C. Wente wa Western Electric, Marekani, aliitengeneza maiki ya namna hii mwaka 1916, na msingi wake haujabadilika hadi leo. Kiwambo cha milimita 25 au zaidi huitwa kikubwa. Vidogo vingi ni vya milimita 12 hadi 20.

Milimita hizo chache zina uzito kwa sababu ya urefu wa mawimbi ya sauti. Sauti ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 34, kwa hiyo kiwambo chochote ni kidogo mbele yake. Lakini kwenye hezi 10,000 wimbi ni sentimita 3.4, na kwenye hezi 15,000 ni sentimita 2.3 tu, yaani fupi kuliko upana wa kiwambo kikubwa. Sauti kali kama hiyo ikitokea ubavuni, ukingo mmoja wa kiwambo unasukumwa wakati ukingo wa pili unavutwa. Nguvu hizo mbili zinauana, na sauti ya juu inapotea. Ikitokea mbele kabisa haipotei, ila umbo nene la maiki huirudisha na kuiongezea makali. Maiki nene basi ina sura mbili: inang'aa mbele, inafifia pembeni. Kiwambo kidogo nacho hubadilika kadiri pembe inavyoongezeka, lakini kidogo zaidi, na hata sauti ya ubavuni huingia ikiwa imepungua nguvu bila kupoteza rangi yake.

Kwa mwimbaji aliyesimama sentimita 15 mbele ya maiki haidhuru. Ila tari halitoi sauti mahali pamoja. Ngozi inavuma mbele, visahani vinalia kuzunguka fremu nzima, na mkono wa mpigaji hautulii. Marimba ina vibao kutoka kushoto hadi kulia. Zeze linatoa mvumo kwenye kibuyu na mkwaruzo wa vidole kwenye waya, sehemu mbili tofauti. Juu ya hayo kuna sauti inayorudi kutoka ukutani na kwenye bati, ambayo huingia kwa pembeni siku zote. Ndiyo maana chumba kilekile husikika kichafu kwenye maiki nene na cha kuvumilika kwenye nyembamba.

Kuna sababu ya pili. Ngoma ndogo hutulia upesi baada ya pigo kuliko ngoma kubwa, na kiwambo ni vivyo hivyo: kile kidogo ni chepesi na mtikisiko wake wa asili uko juu sana, hivyo hufuata mwanzo wa pigo bila kuburuza.

Faida hiyo ina gharama yake, nayo ni kelele ya ndani ya maiki. Kiwambo kidogo hukusanya nguvu kidogo ya hewa, kwa hiyo ule mchirizo wa "shhh" unakuwa karibu zaidi na sauti unayoitaka. Rode NT1-A, maiki nene, ina kelele ya desibeli 5. Miongoni mwa nyembamba, Neumann KM 184 ina 13, Shure SM81 na Rode NT5 zina 16. Kwa gitaa, tari na marimba, 16 haisumbui hata kidogo. Kwa malimba, ile ndogo ya mkononi inayopigwa taratibu kwa vidole gumba, inaweza kusikika, na hapo dawa ni kusogea badala ya kupandisha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki): ukipunguza umbali kwa nusu unapata takriban desibeli 6 zaidi za chombo, huku kelele ya maiki ikibaki palepale. Nambari nyingine ya kusoma kwenye karatasi ya vipimo ni kiwango cha juu cha sauti. KM 184 hufika desibeli 138, SM81 136, NT5 143. Ngoma za sindimba zikipigwa kwa nguvu karibu na maiki huvuka 120, kwa hiyo zote tatu zinastahimili. Maiki ikiwa na swichi ya kupunguza desibeli 10, iwashe kwa ngoma tu, maana ukiisahau kwenye zeze unajiongezea kelele bure.

Kwa mwambao wa kusini tunashauri kitu ambacho miongozo mingi haikigusi: kabla ya kuuliza maiki inasikikaje, uliza inahimili unyevu kiasi gani. Kiwambo kidogo hubeba chaji kidogo sana, na saketi inayokisoma ina ukinzani wa mabilioni ya ohm ili chaji isivuje. Hewa ya bahari ikiacha chumvi kwenye kihami kinachoshika kiwambo, chumvi na vumbi huvuta maji, na umeme hupata njia ya kutorokea. Matokeo yake ni milio ya kukaanga, "taf, taf", inayokuja na kuondoka, hasa usiku na msimu wa mvua kuanzia Novemba au Desemba. Wengi huilaumu waya, wanabadilisha nyaya tatu na mlio uko palepale.

Maiki za elektreti, ambazo chaji yake imefungiwa ndani ya plastiki yenyewe tangu kiwandani (uvumbuzi wa Gerhard Sessler na James West, Bell Labs, 1962), kwa kawaida huvumilia unyevu kuliko zile zinazopelekewa volti ya nje kwenye kiwambo. SM81 ni ya elektreti, KM 184 siyo. Zinazoongoza kwa uvumilivu ni familia ya Sennheiser MKH, mfano MKH 8040, kwa kuwa hukisoma kiwambo kwa mkondo wa masafa ya redio na hivyo uvujaji mdogo hauziathiri. Bei yake ni kubwa. Anayerekodi ufukweni au kijijini mara kwa mara ana sababu ya kuilipa. Mwenye studio ya ndani Masasi hana.

Utunzaji hauna ujanja. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, ndani weka punje za silika zinazobadilika rangi kiasi cha kikombe kimoja cha chai, ndani ya kitambaa chepesi. Zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 za Selsiasi kwa saa moja hadi mbili. Usitumie mchele, una vumbi laini linalopenya kwenye wavu wa maiki. Maiki ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi au gari lenye AC kwenda nje, iache kwenye mkoba wake nusu saa kabla ya kuwasha, la sivyo maji yatatona juu ya kiwambo kilicho baridi. Ikianza kukaanga, izime, irudishe kopo la silika siku nzima. Usiipulize kwa mdomo wala kuianika juani, na usiguse ule utando wa dhahabu kwa kitu chochote.

Halafu kuna umeme. Maiki hizi zinahitaji volti 48 kupitia waya wa XLR, ule wa pini tatu. Kiwango hicho kina historia nzuri: mwaka 1966 Neumann walipopeleka maiki yao ya KM 84 kwa shirika la utangazaji la Norwei, NRK, studio zile tayari zilikuwa na volti 48 za taa za dharura, na volti hiyo ikashika dunia nzima. Plagi ndogo ya kompyuta hutoa volti chache tu, kwa hiyo kibadilishio cha kutoka XLR kwenda tundu la laptop hakitafanya kitu. Kadi za sauti za bei ndogo nyingine hudai 48 na kutoa chini ya hapo. Maiki itawaka lakini itapasua sauti kwenye pigo kubwa. Pima kwa multimita upande wa DC kabla ya kuchomeka maiki: kati ya pini 1 na 2 utegemee volti 44 hadi 52, na kati ya 1 na 3 vilevile. Zikitofautiana sana, tarajia mvumo. Chomeka waya kwanza, washa 48 baadaye, spika zikiwa zimezimwa.

Mwelekeo wa kunasa ni uamuzi mdogo kuliko watu wanavyoufanya. Kadioidi, inayosikia mbele na kupuuza nyuma, ndiyo ya kununua kwanza, kwa sababu vyumba vyetu vina kuta tupu na bodaboda hazikomi kupita. Omni hunasa pande zote na besi yake haivimbi ukiisogeza karibu, lakini inataka chumba kizuri. Kama huna, ning'iniza mablanketi mazito sentimita 10 kutoka ukutani na utandike mkeka mzito chini ya mpigaji.

Gitaa, lenga mahali shingo inapokutana na mwili, sentimita 25 hadi 30, kamwe si tunduni, kwani hewa ya tumbo la gitaa huvuma karibu na hezi 100 na itafunika nyuzi zote. Tari, sentimita 60, maiki ikitazama ukingo badala ya katikati ya ngozi. Ngoma za kuwambwa, mita moja, juu kidogo ya mkono. Ngozi ikishapashwa kwa moto wa majani rekodi mara moja, kwa kuwa unyevu wa pwani huilegeza upesi, na ukirekodi vipande viwili vilivyopishana nusu saa havitaungana. Maiki ikae mbali na moto huo na moshi wake. Marimba huhitaji jozi: vichwa vikiwa sentimita 17 vimefunguka kwa pembe ya nyuzi 110, mpangilio uliotoka kwa watangazaji wa Ufaransa, ORTF, mita moja mbele ya vibao. Kisha sikiliza kwa simu ya spika moja, maana wasikilizaji wengi watausikia wimbo hivyo.

Ukiwa dukani huna zeze mkononi, chukua shada la funguo. Litikise sentimita 50 mbele ya maiki, kisha zunguka nalo polepole hadi ubavuni huku ukisikiliza kwa hedifoni. Sauti inapaswa kupungua nguvu huku mlio wa chuma ukibaki wa chuma. Ukigeuka kuwa wa kadibodi kabla hujafika robo ya mzunguko, rudisha maiki hiyo, hata kama wameandika "kiwambo kidogo" kwenye boksi.