Kompyuta Haijui Bibi Harusi Alijibu Nini

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, kwenye ngazi za kanisa hapa Moshi, mwenyekiti wa kamati ya harusi alinishika bega akaniambia maneno ambayo nimeyasikia kupita kiasi: "Kijana, usitusumbue na vimaiki vyako. Si utarekebisha kwenye kompyuta?" Mimi ni mpiga video wa harusi, na nilikuwa nimeomba dakika moja tu ya kumbana bwana harusi maiki ndogo kwenye ukosi wa koti, naye alikataa kwa kuwa suti ilikuwa mpya. Niliitikia, "Sawa, mzee," kwa sababu mkubwa habishiwi mbele ya kanisa. Leo niko kwangu, nitajibu.

Picha tuimalize haraka. Gauni jeupe likizidishiwa mwanga hadi nakshi zake zikapotea, hakuna programu itakayozirudisha, maana hazikunaswa. Wala siwezi kuliondoa wingu mbele ya Kibo kwa maharusi wanaotaka mlima nyuma yao saa nane mchana. Mara nyingi mlima huwa umekwisha kujifunika saa hizo, na ndiyo maana huwaomba waje alfajiri au wasubiri jioni, ombi ambalo msusi wa bibi harusi hajawahi kulikubali.

Kinachonichosha ni sauti. Kamera yangu kubwa husimama nyuma ya mabenchi, mita 17 hivi kutoka madhabahuni. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hunifikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, yaani zaidi ya fremu moja, picha moja ya video, kwa anayerekodi fremu 25 kwa sekunde. Hilo ni dogo, kwani naisogeza mpaka ilingane na midomo. Kinachonishinda ni kwamba sauti hiyo hiyo imegonga ukuta, sakafu na dari, ikanijia mara nyingi kwa kupishana kidogo, ikiandamana na feni, kikohozi na mtoto anayelilia biskuti. Wewe uliyekaa benchi la nyuma ulikisikia kiapo kwa sababu ulikuwa unakitafuta na maneno yake unayajua; maiki haitafuti kitu, imepokea vyote sawasawa.

Hapa kwetu kalenda nayo huongeza shida. Harusi nyingi za Kikristo husubiri Kwaresma iishe, na Pasaka ikipita tunakuwa katikati ya masika. Mvua ikipiga mabati huenea katika masafa yale yale yanayotumiwa na sauti ya binadamu, hivyo programu ya kuondoa kelele, ukiiambia ipunguze mvua, humpunguza na bibi harusi. Ukiikaza zaidi, husikika kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Nakiri kwamba baada ya miaka yote hii bado sijui pa kuishia: ninachokisafisha usiku nikakifurahia, asubuhi nakikuta hakina uhai, nami narudisha nusu ya mvua.

Ndiyo kazi ya kile kimaiki cha ukosi, ambacho hukaa karibu shibiri moja kutoka mdomoni. Bibi harusi huwa simbani, kwa sababu kitambaa cha gauni husuguana nacho. Lakini wanapotazamana, maiki ya koti la mume huwapata wote wawili. Tegemeo langu la pili ni waya kutoka kwenye mikseri ya kanisa, mashine inayokusanya sauti za maiki zote, nao una mtego wake: mchungaji huuliza swali kwa maiki ya mkononi, kisha husahau kuisogeza kwa anayejibu. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile. Kwenye rekodi ya mikseri ninalo swali, safi kabisa, halafu ukimya wa sekunde mbili, halafu vigelegele. Kwenye kamera ninauona mdomo wa bibi harusi ukifunguka na kufunga. Mzee mwenyekiti, hapo nirekebishe nini?

Ukumbini mambo hugeuka. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inapoingia, MC hupaza sauti, matarumbeta huitikia, na kiwango cha sauti kikivuka ukomo, vilele vya mawimbi yake hukatwa na havihifadhiwi popote. Mimi hurekodi nakala ya pili yenye sauti iliyo chini kwa desibeli 12, basi.

Kuna jambo ambalo kompyuta inaliweza mno, na hakuna kamati iliyowahi kuniuliza kuhusu hilo. Wakati baba wa bibi harusi anatoa hotuba, mama alikuwa amegeuka akiwaelekeza wahudumu upande wa chakula. Alilia baadaye, wakati wa keki. Nililichukua chozi lile nikaliweka chini ya hotuba, pale baba anapotaja siku mtoto alipozaliwa, na limekaa kana kwamba lilitoka hapo. Hujiambia kwamba ni chozi lile lile la siku ile ile na la mama yule yule. Kuna siku maelezo hayo hunitosha, na kuna siku naiona kazi yangu kama ya mtu anayewaandikia wengine kumbukumbu zao.

Jana mama huyo alinipigia baada ya kuitazama video. Aliipokea shikamoo yangu, akacheka kidogo.

"Mwanangu, kwenye hotuba ya mzee umenipata vizuri. Pale nililia kweli. Lakini mbona kanisani binti yangu simsikii akijibu?"