"Mwalimu, Leo Hamsomi?" Dhana Potofu Kuhusu Michezo Darasani

Nafundisha hisabati katika shule ya msingi moja huko Mbagala. Kila vizibo vya soda tunavyochezea hesabu vinapoanza kugongana juu ya madawati, mwalimu wa darasa la jirani huchungulia dirishani: "Mwalimu, leo hamsomi?" Anatania, ila wazazi wengi huniuliza hivyohivyo bila utani. Halafu kuna wa upande mwingine, wanaoamini mchezo ni dawa ya kila kitu. Wote nina neno nao.

Dhana: Wakicheza hawasomi

Kelele si kipimo. Darasa lililonyamaza likinakili ubaoni linaweza kuwa limelala macho wazi. Mtoto anayebisha kama 7 mara 8 ni 54 au 56, kwa kuwa akikosea kizibo chake kinaliwa, anachimbua jibu kichwani bila kufungua daftari. Kuchimbua huko hukaza jambo akilini kuliko kulisoma tena na tena.

Dhana: Mchezo wowote wenye namba unafundisha hesabu

Hapa nitakaa kidogo, maana hata mimi niliamini hivyo.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha matokeo ya mchezo mwepesi kuliko hata ludo: visanduku 10 kwenye mstari mmoja, vimeandikwa 1 hadi 10, na kete ya kusogeza. Watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini walicheza mara nne tu, kama robo saa kila mara, ndani ya wiki mbili. Uelewa wao wa namba ulipanda, na wiki 9 baadaye ulikuwa bado upo. Wenzao waliopewa ubao wa aina hiyohiyo wenye rangi tupu, bila namba, hawakupata faida hiyo.

Siri ilikuwa kwenye kanuni. Mtoto aliye kwenye 4 akipata 2, husogea huku akisema "tano, sita". Hasemi "moja, mbili", kama sisi sote tulivyozoea kwenye ludo na nyoka na ngazi. Anataja namba za visanduku anavyovikanyaga, kwa hiyo mstari wa namba unamwingia. Ubao mmoja, kanuni mbili, na masomo mawili tofauti.

Sasa tazama Uingereza. Huko walifundisha sataranji katika mradi wa majaribio uliohusisha shule 100 za msingi. Matokeo yalitoka mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya masomo hayo, watoto waliofundishwa hawakuwa wamewazidi wenzao kwenye hisabati. Sataranji ni mchezo wa akili, nani atabisha? Ila akili ya sataranji ilibaki kwenye sataranji.

Najua kuna atakayetetea bao letu. Mzee wa kijiweni Magomeni anapiga mzunguko mzima kichwani kabla hajagusa kete, na mimi namvulia kofia. Lakini ukimkalisha mtoto kwenye bao ukamwacha, atajua bao. Nikitaka ajue sehemu, lazima nisimamishe mchezo na kuuliza. Bao la Kiswahili lina kete 64. Mnapoanza, kila mmoja ana 10 ubaoni na 22 mkononi. Je, kete ambazo hazijaingia ubaoni ni sehemu gani ya kete zote? Darasa la Sita walinilia nusu kipindi kufika 11/16, na ndicho kipindi wanachokikumbuka.

Dhana: Bila tableti na intaneti huwezi

Boksi, maka peni, vizibo. Muuza soda wa nje ya geti ananiwekea mfuko mzima bure.

Dhana: Tableti ikija, mwalimu apumzike

Jaribio hilo lilifanyika hapahapa nchini. Kati ya 2017 na 2019, karibu watoto 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye masomo na michezo ya Kiswahili, bila mwalimu. Mwanzoni, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na zawadi ya dola milioni 10 ya mashindano ya kutengeneza programu za tableti hizo ikagawanywa kati ya washindi wawili. Ni hatua kubwa, sibezi. Ila nusu ile nyingine bado ilikuwa haisomi neno.

Dhana: Darasa la watoto 90 halichezeki

Mara ya kwanza nililigawa darasa timu mbili, nikauliza maswali ubaoni. Watoto wanane walijibu yote, themanini na ushee wakawa watazamaji wa mpira. Kosa langu. Sasa ni watoto watano kwa kila ubao wa boksi, kanuni nazieleza siku moja kabla, na kila kundi lina mwamuzi. Uamuzi simpi mjanja wa darasa. Nampa yule asiyejiamini: yeye ndiye anashika jedwali la majibu, na wanne wote wanalazimika kumuuliza.