Zebaki Haizai Dhahabu: Wanazuoni wa Zama za Kati Walijua Nini Kuhusu Maada

Siku za karibuni maabara yetu ya kupima madini inapokea wateja wanaouliza kama ni kweli wanakemia wa kale wa Uarabuni walikuwa na siri ya kugeuza zebaki kuwa dhahabu, na kama sampuli waliyouziwa imetokana na siri hiyo. Tunaamini wengi huuliza kwa nia njema. Maelezo haya ni ya historia tu, hayachukui nafasi ya cheti cha upimaji.

Wanazuoni wale walirithi kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, elementi nne: ardhi, maji, hewa na moto. Maandiko yanayonasibishwa na Jabir ibn Hayyan, mmoja wa wanakemia hao, yakaongeza kwamba metali zote huiva ardhini kutokana na salfa na zebaki, zikitofautiana kwa usafi na uwiano. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Mawe mengi ya madini yakichomwa hunuka salfa, na metali iliyoyeyuka hung'aa na kutiririka mithili ya zebaki. Kama risasi ni dhahabu ambayo haijaiva, kwa nini isiivishwe?

Lakini si wote waliokubali. Ibn Sina (980–1037), tabibu na mwanafalsafa, aliandika kwamba mafundi hao huweza kutia rangi na kuiga sura ya fedha au dhahabu, ila asili ya metali hawaigeuzi. Sehemu hiyo ilipotafsiriwa Kilatini kwenye mwaka 1200 hivi, Ulaya iliisoma ikidhani ni ya Aristotle mwenyewe! Wanatheolojia wengi wa Kiislamu nao walishikilia kwamba kila kitu kimeundwa na chembe zisizogawanyika, jambo ambalo Ibn Sina alilipinga. Huko Paris, maandishi ya mwanafalsafa Nicolas d'Autrecourt, aliyetetea chembe za namna hiyo, yalichomwa moto mwaka 1347. Kwa hiyo anayekuambia “wazee walijua”, muulize wazee gani.

Wapo wanaobisha kwamba wameona kwa macho yao zebaki ikigeuka dhahabu. Walichoona ni hiki: mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga, hukamua kwa kitambaa, huchoma donge, dhahabu inabaki. Dhahabu hiyo ilikuwamo mchangani tangu mwanzo. Zebaki imeinasa tu, kisha imepaa kama mvuke na kuingia mapafuni mwa aliyesimama karibu. Tumelieleza hili mara nyingi.

Upimaji wetu mkuu si mgeni. Sampuli hupimwa uzito, hufungwa kwenye bati jembamba la risasi pamoja na metali ya fedha kidogo, huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa na kuingizwa tanuruni. Risasi hugeuka oksidi na kunywewa na kikombe, ikiondoka na shaba na metali nyingine duni. Kinabaki kitone cha dhahabu na fedha. Fedha huondolewa kwa asidi ya nitriki, na kilichosalia hupimwa tena. Al-Hamdani wa Yemen alieleza usafishaji wa dhahabu kwa moto katika karne ya 10. Asidi ilikuja baadaye, na kabla yake fedha ilitengwa kwa kuchoma metali pamoja na chumvi.

Adhabu kwa waliojaribu kutengeneza dhahabu nazo zilikuwapo. Mwaka 1317 Papa Yohane XXII aliamuru kwamba aliyetengeneza dhahabu ya bandia, au aliyeitumia akijua, alipe hazina ya umma dhahabu halisi ya uzito uleule kwa ajili ya maskini. Asiye na uwezo alipewa adhabu nyingine, na kasisi alivuliwa nafasi yake ya kanisa pamoja na mapato yake. Uingereza, sheria ya 1404 ilifanya “kuzidisha” dhahabu au fedha, yaani kuzitengeneza kwa ukemia wa kale, kuwa kosa kubwa la jinai, ingawa baadaye wafalme walitoa vibali kwa watu wachache. Ilifutwa mwaka 1689.

Asiyetaka sampuli yake ichomwe anaweza kuomba kipimo cha maji, alichokieleza mwanazuoni al-Khazini wa Merv, mji wa Asia ya Kati, kwenye mwaka 1121. Kitu hupimwa hewani, kisha kikiwa ndani ya maji. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 wa maji ya ujazo uleule, zebaki 13.6, risasi 11.3. Kipimo hiki hakifai kwa vumbi wala kwa kipande chenye matundu, na metali ya tungsteni, ambayo ni nzito karibu sawa na dhahabu, hukidanganya. Kwa hiyo cheti chake huandikwa “uchunguzi wa awali”, na hatutayabadilisha maneno hayo hata mteja akisisitiza.